Lalamiko la Nne

Jumamosi ya tatu, Tusekile Mwakalukwa alimsema yule mzee mpaka chai yake ikapoa.

"Nina gunia la majani mabichi mgongoni," alisema, akivuta mkono wa mashine ya kufumia kushoto na kulia bila hata kuutazama. "Majani ya chai hayana subira. Yakichelewa yananyauka, na yakinyauka kiwandani wanakupa gredi ya tatu. Kwa hiyo nakimbia. Napanda kilima, nashuka kilima, nafika darajani, huyu hapa kasimama katikati. 'Ugonile.' Naitikia. Nadhani tumemaliza, kumbe ndiyo kwanza anakohoa. Za nyumbani. Za watoto. Za mvua. Na mwezi huu kaongeza ng'ombe: ng'ombe wameamkaje. Mimi kwenye gemu ile sina ng'ombe. Sina hata kuku."

"Si umpite tu, dada," alisema Gwakisa, fundi wa betri wa mtaa ule, aliyekaa juu ya marobota ya uzi kama kawaida yake.

"Nimpitie wapi? Daraja lenyewe la mtu mmoja. Ukimsukuma anaanza upya toka 'ugonile'. Nimejaribu."

"Na ukimwitikia kwa mkato?" aliuliza Mwalimu Atupele, huku akimenya gimbi la kuchemsha.

"Anasema hajasikia."

Juu ya rafu, katikati ya uzi wa kijani na uzi wa damu ya mzee, taa ndogo iliwaka kijani. "Imepokelewa," kilisema kisanduku. Hakuna aliyegeuka kukitazama. Kilikuwa kikisema hivyo kwa miaka tisa.

Karakana ile ya Uyole ilifuma masweta ya shule, yale yenye nyuzi za joto ndani yake, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana iligeuka kuwa kijiwe. Watu watatu walikaa, wakanywa chai, na kila mmoja akasema anacheza gemu gani na anaionaje. Si gemu aliyoimaliza mwaka juzi. Ile aliyomo sasa hivi, ambayo jana usiku imemkera. Na kulikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyeliandika popote: hapasifiwi kitu. Kusifia waliwaachia watu wa matangazo, wanaolipwa kwa kazi hiyo. Marehemu mume wa Tusekile alisema kila siku ya Mungu kwamba chumvi imezidi, na kila siku alirudisha sahani tupu, na hakuna mtu pale mtaani aliyewahi kudhani kwamba hakupenda mapishi ya mkewe.

Tatizo ni kwamba Sikio halikuzaliwa Uyole.

Sikio ndilo lililokuwa jina la kile kisanduku. Lilikuja na Bodi ya Michezo Hai, miaka ambayo watengenezaji waliacha kuandika wahusika na kuanza kuajiri watu wa kuwa wahusika, kila mmoja akiwa kwake na kifaa kichwani. Bodi iliamua kwamba gemu ya namna hiyo lazima imsikilize mchezaji. Vijiwe vikagawiwa Masikio, na kila mchezaji akavaa bangili nyembamba ya kupima mapigo. Ukisema jambo na mapigo yako yakakubaliana nalo, taa ya kijani. Ukisema usilolihisi, taa ya njano. Njano tatu kwa siku moja, kijiwe kinafutwa. Na lalamiko likitolewa Jumamosi tatu mfululizo, ya nne linatekelezwa.

Kijiwe chao, kilichoitwa Kijiwe cha Uzi, hakikuwa kimepata njano hata moja kwa miaka tisa. Kwa sababu hiyo neno lao lilikuwa limepewa uzito wa watu mia nne. Walijivunia jambo hilo kuliko walivyojivunia watoto wao.

"Lakini hata hivyo gemu za siku hizi zimepooza," alisema Gwakisa, akirudia wimbo wake wa kila wiki. "Ile yangu ya mpira, tangu wamtoe yule mtangazaji aliyekuwa akikosea majina ya wachezaji, imebaki kelele za mashabiki tu. Naichezea mazoea."

"Na mimi kwenye gemu yangu ya mapishi hakuna tena mbuzi wa kuniibia mboga," alisema Atupele. "Napika, napakua, basi. Hawa watengenezaji wana nini?"

Wakakubaliana kwamba watengenezaji hawana akili, wakamaliza magimbi.

*

Jumatano mvua ilikuwa ikinyesha kwa ratiba, saa tano hadi saa sita, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliingia karakanani akiwa na koti linalochuruzika. Alisimama mlangoni ili asilowanishe masweta.

"Shikamoo, mama. Namtafuta Mama Mwakalukwa anayecheza *Ng'ambo ya Mto*."

"Marahaba. Ndiye mimi. Kama ni sweta la mtoto, vipimo vipo pale."

"Si sweta. Naitwa Subilaga. Nimetoka Tukuyu." Akavuta pumzi. "Mzee wa Darajani ni baba yangu."

Tusekile alisimamisha mashine. Alikuwa akijua, kama kila mtu ajuavyo, kwamba nyuma ya kila mhusika kuna mtu. Lakini kujua hivyo ni sawa na kujua kwamba nyuma ya kila barua ya kodi kuna karani. Hakuna anayefikiria kwamba karani ana koti la mvua na binti.

Subilaga alieleza akiwa wima, haraka haraka, kama aliyekuwa akijifunza maneno hayo njia nzima. Baba yake, Mwalimu Ambakisye, alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Miaka minne iliyopita alipata kiharusi. Miguu ilirudi, maneno hayakurudi. Nyumbani hufungua mdomo tu na kutazama watu. Kisha kampuni ya gemu ilikuja ikitafuta wazee wa kuwa wahusika, ikamvika kifaa kile kinacholisoma neno kabla halijafika ulimini. Siku ya kwanza walimwona kwenye kioo, amesimama katikati ya daraja, akisema "ugonile" kwa sauti yake mwenyewe.

"Salamu ndizo zilizobaki, mama. Kila swali analokuuliza pale, analifanyia kazi wiki nzima, mengine mwezi. Ukimkatisha inabidi aanze mwanzo, maana hawezi kushika katikati. Lile la ng'ombe amelipata juzi juzi tu. Siku ile nyumbani tulichinja kuku."

Tusekile akakumbuka alivyolisema lile swali la ng'ombe, na jinsi Atupele alivyocheka. Aliona aibu, na aibu ilipofika ikakuta hasira imeshakaa.

"Sasa kwa nini hamkusema?"

"Tuseme wapi? Sikio liko kwenu."

"Na mimi ningejuaje? Mtu amesimama daraja zima, ananikwamisha, majani yananyauka. Nimesema nilichokiona."

"Najua. Hata mimi ananikwamisha. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini navaa miwani ya gemu, namsalimia kule ili anijibu, na nachelewa." Akatoa karatasi iliyolowa pembeni. "Wametuletea barua. Kesho wanamwondoa siku moja kwa majaribio, waone wachezaji watasemaje. Jumamosi saa kumi alasiri lalamiko lako linatimia. Kifaa ni cha mwajiriwa. Akitoka kazini kinarudi kwao."

"Hawawezi kumhamisha? Akakae sokoni huko, asalimie wanaotaka?"

"Nimewaomba. Wanasema lalamiko halikusema ahamishwe."

Tusekile aliishika barua ile, akaisoma mara mbili, na kila aya ilimpandisha mori zaidi kwa sababu iliandikwa kwa adabu. Ilimshukuru Mwalimu Ambakisye. Ilimtakia mapumziko mema.

"Sijaja kukulaumu," alisema Subilaga.

"Ungenilaumu ningejua la kukujibu," alisema Tusekile.

*

Alhamisi, kazi ilipopungua, alivaa miwani akaingia *Ng'ambo ya Mto*. Alijiambia anakwenda kuchuma chai.

Alichuma. Alijaza gunia, akapanda kilima, akashuka kilima, na alipofika darajani palikuwa wazi. Mbao za daraja zilikuwa zimelowa ukungu. Alipita. Kiwandani walimpa gredi ya kwanza, mara yake ya kwanza tangu aanze gemu ile, na karani akampigia makofi.

Akarudi kuchuma gunia la pili. Njiani alijikuta amepanga majibu: nyumbani wazima, watoto wako Dodoma, mvua ni hii ya ratiba, na ng'ombe, basi leo atasema wameamka vizuri, yaishe. Alifika darajani na majibu yake. Mchezaji mwingine, mwanamke mwenye gunia kubwa kuliko lake, alimpita mbio.

"Afadhali wamemtoa," alimwambia bila kusimama. "Mimi alishanichosha."

Maneno yale yalikuwa ya Tusekile mwenyewe. Alisimama pale katikati ya daraja. Mto ulikuwa na sauti. Hakuwahi kuusikia, maana siku zote mzee alikuwa akiongea. Alikaa mpaka majani yakaanza kukunjamana mgongoni, kisha akavua miwani na kuligombeza sweta lililokuwa kwenye mashine kwa kosa ambalo sweta halikulifanya. Alijisikia mpweke. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye karakana yake, mpweke kwa sababu ya daraja la kwenye gemu. Jambo hilo lilimkera kuliko upweke wenyewe.

*

Jumamosi hakuna aliyegusa magimbi. Tusekile aliwaeleza yote kabla hawajavaa bangili, ili Sikio lisisikie.

"Inabidi nilifute lalamiko," alimaliza. "Aliyelitoa ndiye anayelifuta. Nitasema nampenda, basi."

"Unampenda?" aliuliza Gwakisa.

"Hilo si swali."

"Ndilo swali, dada. Watu elfu kumi na nane wanapita daraja lile kila siku. Wamechoka kazini, wanataka kubeba majani yao wapumzike. Wengi wamefurahi alipoondoka, na umesema hata wewe umekutana na mmoja. Sisi tumepewa uzito wa watu mia nne kwa sababu moja tu, hatusemi uongo. Leo unadanganya kwa huruma. Kesho mwingine atadanganya kwa kuwa kampuni imemtumia kilo ya nyama. Sikio litajua tofauti?"

"Kuna mtu atanyamaza mpaka kufa, Gwakisa."

"Najua. Naumia kama wewe. Lakini gemu si hospitali. Kama anahitaji kifaa, apewe kifaa. Kwa nini apewe daraja letu?"

Mwalimu Atupele alikuwa akitazama dirishani muda wote. "Apewe na nani?" alisema taratibu. "Miaka minne hakuna aliyempa. Aliyempa ni gemu."

Tusekile alijua Gwakisa ana haki, na alijua Atupele ana haki, na alichukia kwamba saa ya ukutani haikujali nani ana haki. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Akavaa bangili.

"Nafuta lalamiko langu," aliliambia Sikio. "Mzee wa Darajani ni mhusika mzuri. Nampenda."

Taa ikawaka njano. Kwa miaka tisa hawakuwahi kuiona, na wote watatu waliitazama kama nyoka aliyetokea kwenye uzi.

"Sauti na moyo havijakubaliana," lilisema Sikio. "Tafadhali rudia."

"Salamu zake zinanifurahisha," alisema Tusekile. "Hazinichoshi kabisa."

Njano.

"Sauti na moyo havijakubaliana. Tafadhali rudia. Imebaki nafasi moja."

Gwakisa akafunika uso kwa viganja. "Dada, acha. Tutafutwa, na mzee ataondoka vilevile."

Zilibaki dakika kumi na mbili. Tusekile alikitazama kile kisanduku. Miaka tisa kimekaa kwenye rafu yake, kikitumia umeme wake, kikisikiliza kila neno na hakijaelewa hata moja. Gwakisa alimlalamikia yule mtangazaji kwa sababu alimchekesha mpaka akamwaga chai. Atupele alimlalamikia yule mbuzi na kumpa jina. Waliwataja kila Jumamosi, na kila walichokitaja kwa pumzi nyingi kiliondolewa. Halafu wakakaa papa hapa kulalamika kwamba gemu zimepooza. Ni wao waliozifanya hivyo, kwa midomo yao, na taa ya kijani juu. Aliona jambo hilo lote kwa mara moja, na uvumilivu ukamwisha.

"Haya. Sikiliza, kopo wewe," alisema. Akaacha mashine na kusimama. "Nina lalamiko. Alhamisi nilipita darajani hakuna mtu. Nimetoka nyumbani nimejipanga, nina majibu ya watoto, nina majibu ya mvua, nimekubali hata kusema uongo juu ya ng'ombe, nafika, hakuna wa kuniuliza. Daraja gani hilo? Watu wanapitana mbio kama wamegombana. Nilipata gredi ya kwanza na sikuwa na wa kumwambia. Yule mzee ananichosha, ndiyo, ananichosha mno, nikimwona kwa mbali nasonya. Lakini angalau ananiuliza. Tangu mume wangu afe, hakuna mtu anayeniuliza nimeamkaje na akasubiri jibu. Watoto wanatuma picha ya dole gumba. Halafu ninyi mnamwondoa, na mnamtakia mapumziko mema. Nimeudhika. Andika hivyo. Nimeudhika kwa kuwa hayupo, na nitaudhika akirudi, na hilo si lako kulipima."

Bangili ilikuwa moto mkononi. Sikio lilikaa kimya muda mrefu kuliko lilivyowahi kukaa, na Atupele akamshika Gwakisa mkono bila kujua.

Kijani.

"Imepokelewa," lilisema Sikio. "Lalamiko: mhusika kukosekana darajani. Lalamiko la awali limefutwa na mlalamikaji."

Tusekile akakaa chini kwa nguvu mpaka kiti kikalia. Hakuna aliyeshangilia. Gwakisa alifuta uso kwa shati lake, akaitazama saa, akamtazama Tusekile.

"Umewakwamisha watu elfu kumi na nane."

"Nimewakwamisha," alisema Tusekile. "Waje walalamike. Mlango uko wazi."

Gwakisa akavaa bangili yake na kuligeukia Sikio, akakohoa kama mtu anayetaka kuomba kazi.

"Na mimi nina lalamiko," alisema. "Ni kuhusu yule mtangazaji wa mpira. Nataka kujua nani aliyewaambia wamtoe."

"Ni wewe," alisema Atupele.

"Najua ni mimi, Mwalimu. Niache nilalamike."

*

Jumatatu, mzee alikuwa darajani.

"Ugonile," alisema.

"Ndaga, baba. Shikamoo." Gunia lilikuwa limejaa, jua la gemuni lilikuwa kali, na majani yalianza kunukia ule unyaufu wa mwanzo.

Za nyumbani. Nzuri. Za watoto. Wazima, wako Dodoma. Za mvua. Inanyesha kwa ratiba. Ng'ombe wameamkaje. Wameamka vizuri, mmoja ana kikohozi kidogo, lakini atapona. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko juu ya ng'ombe huyo. Tusekile akainua mguu kupita, na mzee hakusogea. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alikuwa akitafuta kitu.

Wachezaji wawili walikuja nyuma, wakasimama, wakaanza kuguna. Tusekile aliwageukia akawatazama mpaka wakatua magunia yao.

"Na..." alisema mzee. "Na ma..."

Tusekile alisubiri. Majani yalikunjamana. Alitamani kulisema yeye neno hilo, lolote lile, ili yaishe, akauma midomo.

"Na masweta," alisema Mwalimu Ambakisye. "Masweta hayajambo?"

Jumamosi iliyofuata, kabla hajasema chochote, Tusekile alivua bangili na kuwaamuru wenzake wavue zao. Alilitoa Sikio rafuni, akalizungushia masweta sita ya darasa la pili, akalitumbukiza kwenye pipa la uzi na kufunga kifuniko. Kisha akafungua bakuli alilokuwa ameletewa asubuhi hiyo na mgeni kutoka Tukuyu, akawagawia, na kuanza.

"Kaongeza swali," alisema. "Mlidhani ng'ombe ndiyo mwisho? Sasa anauliza masweta, binti yake kamwambia. Tumesimama pale mpaka foleni imefika kilimani. Watu wananisonya mimi, si yeye. Na keshokutwa atakuwa na jingine, namwona anavyolitafuta."

"Na wewe ukamjibu nini?" aliuliza Atupele.

"Nikamwambia hayajambo. Nikapata gredi ya tatu." Alitafuna kwa muda, akautazama mfupa, akaunyonya pande zote mbili na kuurudisha bakulini ukiwa mweupe.

"Na huyu kuku," alisema, "chumvi imezidi."